Maneno ya Kabla ya Uji

Mama Mkubwa alizikwa Makote siku ya Ijumaa, baada ya sala ya mchana, na jioni yake wanawake tulikaa kwenye mikeka ndani ya nyumba ileile ya vyumba viwili, nyumba ambayo kila tulipotaka kumwongezea chumba cha tatu alituuliza nani atakifagia. Karibu yangu jirani mmoja wa makamo alikuwa akichambua mchele kwenye ungo. Nilimsikia akimwambia mwenzake, "Huyu bibi alizaliwa hivyo. Moyo wake ulikuwa umepoa tangu utoto, hakuwa na wasiwasi na kitu." Mwenzake akaitikia, "Ndiyo maana kaishi miaka mingi." Nilitaka kusema neno, nikakumbuka kwamba matangani si mahali pa kubishana. Lakini nimerudi Masasi na maneno yale hayajanitoka. Mimi niliishi na Mama Mkubwa mwaka mmoja, nikiwa na miaka kumi na tisa, na katika mwaka ule sikumbuki siku ambayo moyo wake ulikuwa umepoa. Utulivu waliousifu watu aliuwasha kila asubuhi kama alivyowasha moto, kwa kupuliza, na kuna asubuhi niliona karibu unamshinda.

Mwaka ule nilikuwa nimechaguliwa kwenda chuo cha ualimu, na nikisubiri muda ufike nilikaa Masasi kwa kaka yangu Rashidi, katika nyumba iliyokuwa nyuma ya maduka, upande wa yale majabali yanayotoa joto hata jua likishatua. Kikohozi kilianza na mvua. Tukakiita mafua, tukakipa tangawizi, mvua zikaisha na chenyewe kikabaki. Usiku nilikuwa naamka shuka limelowa jasho, mchana nikikaa jikoni kumenya vitunguu napumzika katikati ya kitunguu kimoja. Asubuhi moja nilikohoa juu ya beseni, nikaona damu ndani ya maji, inazunguka polepole kama haina haraka ya kwenda popote. Hospitalini walipima makohozi wakaniambia ni kifua kikuu, kwamba dawa zipo, kwamba nitazimeza kwa miezi mingi na nisiache hata nikijisikia nafuu. Niliitikia kwa kichwa kama mwanafunzi mzuri. Jioni, nikiwa nimelala chumbani kwa watoto, nilisikia mazungumzo nyuma ya pazia.

"Simfukuzi," wifi alisema. "Ni dada yako, najua. Lakini mimi usiku silali. Akikohoa nasikiliza. Akinyamaza nasikiliza. Halafu nawasikiliza watoto, kama amewaambukiza."

"Daktari kasema akishaanza dawa, baada ya muda haambukizi tena."

"Baada ya muda gani, baba Salma?"

Nilisikia kijiko kikigonga sahani. Sikumchukia wifi, wala leo simchukii. Alisema tu kile ambacho kila mtu alikuwa anakifanya. Nyumba nzima ilikuwa inasikiliza kifua changu, na aliyesikiliza zaidi nilikuwa mimi mwenyewe. Nilikuwa nabana pumzi ili nijue kama kitakuja, na kwa kubana kikaja.

Mama Mkubwa, dada wa mama yangu, alifika kabla juma halijaisha. Alikuwa na kikapu kimoja na kanga mbili mabegani. Alikula, akanawa, akamwambia kaka, "Nimekuja kumchukua Asumini. Kule juu kuna hewa, na mimi ndani sina mtoto mdogo." Wifi alilia kwa aibu na kwa kufarijika. Mama Mkubwa akamshika mkono akamwambia hakuna aliyekosa. Kisha akaja kukaa pembeni ya kitanda changu, akaniangalia mabega na shingo kwa muda mrefu. Mkono wake uliokuwa juu ya wangu ulikuwa unatetemeka. Nikadhani ni uchovu wa safari.

Newala wakati ule wa mwaka ni baridi. Gari lilipomaliza kupanda mlima tuliingia ndani ya ukungu, na watu waliokuwa kandokando ya barabara walikuwa wamejitanda mashuka mpaka usoni. Nyumbani kwake Makote, hapohapo Newala, niliona kitu cha kwanza ambacho sikukielewa: chumba nilichoandaliwa kilikuwa na dirisha kubwa jipya, udongo wa pembeni bado haujakauka vizuri. Alikuwa amemwita fundi akalipanua kabla ya kuja kunichukua, kabla hata hajajua kama kaka atakubali. Ndani kulikuwa na kitanda cha kamba, mkeka, kopo lenye mfuniko na majivu ndani yake kwa ajili ya makohozi, na msumari ukutani wa kutundikia gauni. Basi. Chumbani kwake mlikuwa na vitu vichache zaidi. Jikoni kulikuwa na chungu cha mboga, sufuria ya ugali, mwiko, na sahani zilizotosha watu waliokuwepo. Mali aliyoithamini ilikuwa bati la paa, kwa sababu lilikinga maji ya mvua yakaingia kisimani uani, na kwenye uwanda ule maji yakikwisha kisimani ni kuteremka bondeni na kupanda nayo kichwani. Mimi niliyetoka Masasi, nyuma ya maduka, niliiangalia nyumba ile nikajiambia kwamba nimeletwa mahali pa kufia.

Kila asubuhi nilikwenda kituo cha afya. Wagonjwa tulikaa kwenye benchi la nje, na nesi mmoja mrefu, mwenye sauti isiyopanda wala kushuka, alitudunga sindano kisha akasimama mbele yetu mpaka vidonge vimezwe. Alikuwa anasema, "Fungua mdomo. Inua ulimi." Kwenye benchi lile ndipo nilipompata Fidea. Alikuwa wa rika langu, mshonaji kutoka Mkunya, na kwa miezi ya sindano alikuwa amefikia kwa shangazi yake karibu na kituo. Siku yangu ya kwanza vidonge vilinipanda kooni nikakaribia kutapika, na yeye akaninong'oneza bila kunitazama, "Fikiria kitu kingine. Mimi namfikiria yule nesi akiwa anacheza sindimba." Nikacheka, vidonge vikashuka. Baadaye akaniuliza kama nimeshaona mkojo wangu ulivyogeuka rangi ya machungwa, akasema yeye alipouona alianza kuaga ndugu. Tulikuwa tunatembea pamoja mpaka njia panda, tunapumzika kila penye kivuli kama vikongwe, tukipanga mambo. Yeye angenunua cherehani yake mwenyewe aache kushonea za watu. Mimi ningefundisha darasa la kwanza. Hatukulitaja jina la ugonjwa.

Nyumbani kulikuwa na desturi ya asubuhi, na hiyo ndiyo niliyoichukia. Mama Mkubwa akishasali alfajiri alikoka moto, akainjika uji, na kabla hajaumimina ilikuwa lazima kila aliyepo aseme jambo jema kuhusu yeye mwenyewe na siku yake. Yeye alianza. "Magoti yangu yamekubali kuinuka. Kuni zipo. Macho yangu yanaona mlango." Kisha akanigeukia. Asubuhi ya kwanza nilisema sina la kusema.

"Basi tungoje," alisema.

"Uji utapoa, Mama Mkubwa."

"Utapoa."

Tukangoja. Nilikuwa na hasira ya mtu mwenye njaa aliyeambiwa atoe shukrani. Mwisho nikasema, kwa kumkomoa, "Haya, mimi ni mzima, nina nguvu, sina shida yoyote." Nilitegemea afurahi. Aliweka kata chini.

"Sikukwambia useme uongo," alisema. "Sema kilichopo. Hata kikiwa kidogo kama nini, kiwe kipo."

Nilitafuta. Inashangaza jinsi mtu anavyoweza kujitafuta ndani asione kitu. Nikasema, "Usiku nilisikia jogoo." Akaniuliza maana yake nini. Nikasema maana yake nililala mpaka wa mwisho aliponiamsha, maana Masasi nilikuwa nawasikia wote, tangu wa kwanza mpaka wa mwisho. Akaumimina uji. Ndivyo tulivyoendelea siku zote zile. Kuna asubuhi nilisema vidole vyangu vya miguu vina joto. Kuna asubuhi nilisema nimekumbuka jina la mtu niliyekuwa nimemsahau. Baada ya wiki kadhaa nilianza kuamka nikiwa natafuta, na mtu anayeamka akitafuta kilichopo hapati nafasi kubwa ya kusikiliza kifua chake. Sidai kwamba maneno yale yaliponya mapafu. Mapafu yaliponywa na dawa, na mayai, na usingizi wa mapema, na dirisha lile lililokuwa wazi usiku kucha hadi ukungu ukaingia na kulala pamoja nami. Maneno yalinifanya niendelee kuufungua mdomo kila asubuhi mbele ya nesi.

Alasiri moja nilirudi mapema kuliko kawaida, nikapitia nyuma, na nikasikia sauti ya Mama Mkubwa jikoni. Alikuwa na jirani yake, Mama Zainabu, wanatwanga muhogo. Alikuwa anasema kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia, nyembamba kama ya mtoto. "Nikisikia anakohoa, mikono inakufa ganzi. Naogopa kumwangalia akilala. Mama Zainabu, siwezi mara ya pili. Siwezi." Mchi wa Mama Zainabu ukaendelea kutwanga peke yake. Nilirudi nyuma hatua kwa hatua, nikazunguka kwa mbele, nikapiga hodi kama mgeni. Mama Mkubwa alitoka akijifuta unga mikononi, uso wake ule wa kila siku, akaniuliza kama nimekula. Sikuuliza mara ya kwanza ilikuwa ya nani. Asubuhi iliyofuata alisema kama kawaida kwamba magoti yamekubali na kuni zipo, na mimi nilimtazama midomo, nikaona ni kazi nzito kiasi gani.

Sindano zilikwisha. Tukapewa vidonge vya kwenda navyo nyumbani, tukawa tunarudi kituoni mara moja tu kwa mwezi. Fidea alirudi kwao Mkunya akiwa amenenepa mashavu, na mimi nilianza kufagia uwanja wote bila kupumzika. Mikorosho ikatoa maua, kisha mabibo, na harufu yake tamu yenye uchachu ikaingia kila mahali. Huo ndio ulikuwa msimu wa watu kununua vitu. Mfanyabiashara alikuja na baiskeli imejaa magodoro na redio, akamwonyesha Mama Mkubwa redio yenye spika mbili, akamwambia watu wote wa mtaa wamechukua. Mama Mkubwa alimkaribisha kitako, akampa maji, akamwambia, "Nzuri, baba. Lakini kila kitu kinachoingia ndani kinataka kuangaliwa, na mwaka huu mimi nina kitu kimoja cha kuangalia." Mfanyabiashara hakuelewa. Mimi nilikuwa nabangua korosho pembeni, moshi wake ukaniingia machoni, na nilishukuru kuwa na sababu ya kufuta machozi. Watu wa makamo yangu sasa wananiambia kuishi na vitu vichache ni kujinyima. Sijawahi kusifu umaskini, niliuona umewaua watu. Ninachosema ni kwamba niliwahi kuwa kile kitu kimoja kinachoangaliwa, najua kilivyo.

Msimu huohuo mtu mmoja alifika Mkunya. Hakuwa wa kanisa wala msikiti tunaoujua. Alijiita mwalimu wa uzima, alikuwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi vizuri, na alikusanya watu kwenye uwanja wa nyumba aliyopanga. Fidea alikuja Makote kunichukua. Njia nzima alizungumza kwa haraka, macho yanang'aa, kwamba mdomo wa mtu una nguvu, kwamba kile unachokitamka ndicho unachokuwa. Nikamwambia hata Mama Mkubwa ana mambo kama hayo. "Basi umeona," alisema. Tulikaa mbele. Yule mtu alikuwa na sauti nzuri, sitamnyima haki yake. Aliwasimamisha watu mmoja mmoja, akawaambia watamke: mimi ni mzima, mimi sina ugonjwa. Mzee mwenye mgongo uliopinda alitamka, akanyooka kidogo, watu wakapiga makofi. Fidea akasimama akatamka, akilia. Kisha mwalimu akasema kwa upole sana, "Na anayesema ni mzima huku anameza vidonge, anajishuhudia uongo kwa mdomo wake mwenyewe." Vidonge vilikuwa vinanichoma tumbo kila siku. Nilikuwa nimechoka navyo. Nilikuwa najisikia vizuri. Chuo kilikuwa kinanisubiri. Tuliporudi Fidea alinionyesha mfuko wake wa dawa, akasema leo hatameza, na kesho hatameza. "Tuachane navyo wote wawili," aliniambia. "Tumemaliza, Asumini."

Asubuhi iliyofuata nilikaa karibu na moto vidonge vikiwa kiganjani. Mama Mkubwa alisema ya kwake, akanigeukia. Nikasema, "Mimi nimepona."

Uji ulianza kupanda, ukamwagika motoni, na Mama Mkubwa hakuuangalia.

"Nani kapima?" aliuliza.

"Najisikia. Na wewe ndiye uliyenifundisha kutamka."

"Asumini, nilikufundisha kutamka kilichopo. Hilo hulijui. Nesi halijui. Mimi silijui." Alivuta pumzi. "Hadija alisema hivyohivyo. Alikaa hapo ulipokaa."

Nilijua alikuwa na binti aliyefariki. Nyumbani kwetu walisema homa, nami nilikuwa mtoto sikuuliza.

"Alinenepa kama wewe," alisema. "Akacheka. Akaniambia, mama, nimepona, na mimi nikapiga vigelegele, nikawaita majirani. Nilikuwa na furaha kiasi kwamba sikutaka kumuuliza kama anameza. Mvua zilipoanza kikohozi kikarudi, na safari hiyo hakikungoja." Aliinuka, akachukua kikombe cha maji, akakiweka mbele yangu. Mkono ulikuwa unatetemeka, na safari hii nilijua si uchovu. "Ukitaka kuacha, siwezi kukushika koo. Umekua. Lakini usiseme mbele ya moto wangu jambo usilolijua."

Nilimeza. Nilimeza kwa hasira, maji yakanimwagikia kifuani, nikatoka nje bila kula uji. Ningependa kuandika kwamba nilimeza kwa busara, lakini nilimeza kwa sababu ya ule mkono.

Mwezi ulipofika, Fidea hakuonekana kituoni. Nilikwenda Mkunya kwa miguu, mama yake akaniambia yule mwalimu amehamia Masasi na wafuasi wake, na Fidea amefuatana nao, anawashonea. "Ni mzima kabisa," mama yake alisema, akinitazama usoni kama anayeomba nikubali. "Alikuwa anaimba." Nilirudi Makote nikamweleza Mama Mkubwa, na kuanzia siku ile nyumba ikarudi kusikiliza. Tulikuwa tunasikiliza kifua ambacho hakikuwepo.

Habari aliileta kaka Rashidi, alipopanda kuja kunitazama. Alikuwa amemjua Fidea safari iliyopita, alipomkuta kwetu. "Yule fundi wenu nimemwona sokoni," alisema. "Nisingemtambua. Yeye ndiye aliyenisalimia." Mama Mkubwa alifunga kanga kiunoni, akamwomba Mama Zainabu aangalie kuku, na tukashuka Masasi na gari la kwanza.

Chumba kilikuwa mwisho wa nyumba ya kupanga, mlango umefungwa, dirisha limezibwa kwa gunia. Wapangaji wengine walikuwa wamehamishia majiko yao upande wa pili wa ua, na mmoja alituambia kwamba yule mwalimu na watu wake walishaondoka, wamekwenda Tunduru. Tulipofungua, joto na harufu ya jasho vilitupiga. Fidea alikuwa ameketi kitandani, mgongo wima kama mtu anayepigwa picha. Mashavu yale yalikuwa yamekwisha. Miguuni pake palikuwa na kitambaa chekundu, na sikutambua kwa haraka kwamba hakikuwa chekundu kilipofumwa.

"Shikamoo, mama," alisema.

"Marahaba, mwanangu."

"Mimi ni mzima. Kama mmekuja kunipeleka hospitali, mrudi. Mimi ni mzima, sina ugonjwa." Alisema tena, na tena, kila mara kwa pumzi fupi zaidi, mpaka kikohozi kikamkata katikati ya neno. Nilitaka kumpigia kelele. Nilitaka kumburuta. Mama Mkubwa alinisogeza kwa kiwiko, akaondoa gunia dirishani, akakaa sakafuni chini ya miguu ya Fidea, pale palipokuwa na kile kitambaa.

"Umekula nini leo?" alimuuliza.

"Sijala."

"Hilo lipo. Endelea."

"Niendelee nini?"

"Sema jingine lililopo."

Nje mtu alikuwa anakatakata kuni. Fidea aliangalia dirisha, akaangalia mikono yake. "Nina kiu," alisema. Mama Mkubwa akanipa ishara, nikampa maji. Akanywa. "Miguu imevimba," alisema. Kisha, kwa sauti ndogo, "Usiku nakaa hivihivi, nikilala nakabwa." Kila alichosema Mama Mkubwa aliitikia, ndiyo, hilo lipo. Niliona mgongo ule uliokuwa wima unalegea kidogo kidogo. Mwisho akasema, "Naogopa, mama. Nikisema naumwa nitakuwa nimejiua mwenyewe."

"Na mimi naogopa," Mama Mkubwa alisema. "Nimeogopa tangu Juni. Mbona bado naamka na kupika? Mikono yako ikoje?"

Fidea aliinua mikono, akaitazama kama ya mtu mwingine. "Inashona."

"Basi hiyo ipo. Tuichukue tuipeleke ikatibiwe."

Alikubali. Tulimtoa pale katikati yetu, wapangaji wakitupisha, na mwendo wa kufika hospitali ulikuwa mfupi, lakini mpaka leo nikipita njia ile miguu yangu inaukumbuka kuwa mrefu. Tulikaa Masasi mpaka alipoweza kusafiri. Daktari hakutupambia maneno. Alisema ugonjwa umekula sehemu ya pafu, kwamba ataanza upya kwa dawa kali zaidi na kwa muda mrefu zaidi, na kwamba hawezi kuahidi. Mama Mkubwa alimuuliza kama nyumbani kwake Makote panafaa. Daktari akauliza kama kuna dirisha.

Hivyo mvua zilipoanza, tulikuwa watatu kwenye moto. Fidea alilala kwenye chumba changu, mimi nikahamia kwa Mama Mkubwa. Hizo ndizo wiki ngumu kuliko zote. Kulikuwa na asubuhi ambazo Fidea hakuweza kutoka kitandani, na Mama Mkubwa alibeba sufuria nzima ya uji mpaka mlangoni kwake, tukangoja pale aseme. Siku moja alisema tu, "Mvua inanyesha," na Mama Mkubwa akalipokea neno hilo. Siku moja hakusema kitu, akalia, na Mama Mkubwa akaumimina uji vilevile, ndipo nilipojua kwamba sharti lile halikuwa sharti. Kisha, katikati ya hayo, Mama Mkubwa mwenyewe akaanza kukohoa. Nilikaa macho nikimsikiliza kama wifi alivyonisikiliza mimi. Nilimlazimisha akapime, naye akakubali kwa upole wa ajabu, na tulipokuwa tunasubiri majibu kwenye benchi nilitambua kwamba alikuwa amenishika mkono kwa nguvu mpaka vidole vyangu vikafa ganzi. Ulikuwa ni moshi wa kubangua korosho tu. Akacheka njia nzima ya kurudi, kicheko cha mtu aliyekuwa amejiandaa kwa jingine.

Vipimo vyangu vya mwisho vilitoka safi. Nesi mrefu alinipa mkono, jambo ambalo sikuwahi kumwona akimfanyia mtu. Mchana uleule niliomba ndoo, nikateremka bondeni na wanawake wengine, nikapanda na maji kichwani bila kusimama, na nilipofika juu nilikuwa nahema kama kila mtu, si zaidi. Nikaondoka kwenda chuoni nikimwacha Fidea bado yuko kwenye vidonge, bado hatujui. Nilimuaga dirishani. Hakuniambia kwamba atapona. Aliniambia, "Leo nimekula nikamaliza."

Nilipata likizo yangu ya kwanza mwishoni mwa kipupwe. Sikuwa nimepata habari zozote, na gari lilivyokuwa linapanda mlima nilikuwa nahesabu mabaya yote. Nilitembea kutoka barabarani hadi Makote. Nilipofika nyuma ya nyumba nilisimama, kwa sababu nilisikia sauti. Walikuwa wanagombana. Fidea alikuwa anasema mikono ya gauni haikatwi hivyo, kwamba yeye ndiye fundi. Mama Mkubwa alikuwa anamjibu kwamba gauni ni lake, na mikono ni yake, na kama fundi hataki aache. Fidea akasema basi ataacha. Mama Mkubwa akasema aache, tuone. Kisha Fidea akakohoa, kikohozi kikavu cha mtu aliyepaliwa na maneno, na Mama Mkubwa akaendelea kumbishia kikohozi kikiwa hakijaisha, bila kupunguza sauti, bila kukisikiliza hata kidogo. Nikatua begi langu chini palepale, nikapiga hodi.